Heinrich Simba: duke aliyemnyima Kaisari askari, akapoteza majimbo mawili

Mwezi wa kwanza mwaka 1180, katika mji wa Würzburg, wakubwa wa nchi za Wajerumani walikaa pamoja na Kaisari wao wakamhukumu mtu ambaye hakuwepo. Alikuwa ameitwa mara nyingi, hakuja hata mara moja. Huyo mtu alikuwa Heinrich, duke wa Saksonia na wa Bavaria, ambaye kwa mali na kwa nguvu alikuwa wa pili katika nchi yote, nyuma ya Kaisari peke yake. Watu walimwita Simba. Ile hukumu ilimnyang'anya majimbo yote mawili, na miaka miwili baadaye alikuwa mkimbizi katika nyumba ya baba mkwe wake, ng'ambo ya mbali na kwao.

Habari zake zimepita miaka zaidi ya 800, lakini ndani yake kuna mambo ambayo kila mtu anayajua: urithi wa mashamba, ushuru wa daraja, fedha ya mgodi, ndugu wawili wa ukoo mmoja wanaosaidiana mpaka siku mmoja anapoomba kitu na mwingine anasema hapana.

Mtoto aliyerithi kesi

Kwanza ni vizuri kuelewa nchi ilivyokuwa. Wakati ule mfalme wa Wajerumani hakurithi kiti tu kutoka kwa baba yake. Alichaguliwa na wakubwa, kisha kama mambo yalikwenda vizuri alisafiri mpaka Roma, Papa akamvika taji la Kaisari. Chini yake kulikuwa na maduke. Duke alikuwa mtawala wa jimbo zima, na jeshi lake, na tribinali yake, na chini yake wakubwa wengine walioitwa konte. Ardhi ilikuwa ya aina mbili. Kuna ile ambayo mfalme alimpa mtu aitawale kwa jina lake, na hiyo mfalme aliweza kuirudisha. Na kuna ile ya ukoo, iliyotoka kwa babu na bibi, na hiyo haikuwa rahisi kuigusa. Hii tofauti ndiyo itakayomwokoa Simba mwishoni.

Heinrich alizaliwa karibu mwaka 1130, na tarehe yenyewe wanahistoria wanaibishania. Alitoka katika ukoo wa Welf. Baba yake, Heinrich Mwenye Kiburi, alikuwa duke wa Bavaria. Mama yake, Gertrud, alikuwa mtoto pekee wa Kaisari Lothar wa Tatu, mtu wa Saksonia. Lothar alipofariki mwezi wa kumi na mbili 1137, kila mtu alifikiri mkwe wake ndiye atakayekuwa mfalme. Alikuwa na Bavaria, alipata na Saksonia, hata vitu vya ufalme vilikuwa mikononi mwake. Lakini wakubwa waliogopa mtu mwenye nguvu nyingi namna ile. Mwaka 1138 wachache wao walikutana haraka mjini Koblenz, wakamchagua Konrad wa ukoo wa Staufen.

Konrad alimwambia Heinrich Mwenye Kiburi kwamba si haki mtu mmoja kushika majimbo mawili. Huyu akakataa kuachia hata moja, akanyang'anywa yote. Saksonia ikapewa Albrecht, aliyeitwa Dubu, na Bavaria ikaenda kwa ukoo wa Babenberg wa Austria. Vita vikaanza, na katikati ya vile vita, mwaka 1139, yule baba akafa ghafla. Mtoto wake alibaki yatima, bado mdogo, na kesi mkononi.

Waliompigania ni wanawake wawili: mama yake, na bibi yake Richenza, mjane wa Kaisari Lothar. Wasaksonia wakawafuata. Mwaka 1142 mjini Frankfurt walipatana: mtoto arudishiwe Saksonia, asahau Bavaria. Ili amani ishike, mama yake aliolewa na Heinrich wa Babenberg, ambaye mwaka uliofuata alipewa ile Bavaria. Ndoa haikudumu. Gertrud alifariki kwa uzazi mwaka 1143. Na kijana hakusahau Bavaria hata kidogo. Mwaka 1147, mara tu alipokuwa mtu mzima, alisimama mbele ya mfalme akaidai.

Tangu ujana wake namna yake ya kudai ilionekana. Mwaka 1144 konte wa Stade, karibu na mto Elbe, aliuawa bila kuacha mtoto. Ndugu yake, mtu wa kanisa, aliamua ule urithi uende kwa askofu mkuu wa Bremen. Heinrich akasema hapana, ni wake. Waliketi kusikiliza shauri mwaka 1145, na kwenye kikao chenyewe watu wa duke wakachomoa silaha, wakamkamata askofu mkuu. Alifungiwa Lüneburg mpaka akakubali kutoa mali. Duke alikuwa bado kijana wa miaka kumi na kitu.

Ndugu wawili wa damu

Mwaka 1152 Mfalme Konrad alifariki na wakubwa wakamchagua mtoto wa kaka yake, Friedrich, ambaye Waitalia walimpa jina la Barbarossa, maana yake Ndevu Nyekundu. Kwa baba alikuwa Staufen, lakini mama yake alikuwa Welf, dada wa Heinrich Mwenye Kiburi. Kwa hiyo Friedrich na Heinrich Simba walikuwa watoto wa shangazi na mjomba. Wengi walimchagua Friedrich juu ya jambo hilo: mtu mwenye damu ya pande zote mbili angeweza kumaliza ugomvi.

Na kweli kwa miaka zaidi ya ishirini walisaidiana. Simba alimfuata Friedrich mpaka Roma mwaka 1155. Ile siku ya tarehe 18 mwezi wa sita, Friedrich alipovikwa taji la Kaisari, watu wa Roma walishambulia kambi, na jeshi la Saksonia lilipigana sana kuwarudisha nyuma. Mwaka uliofuata, mjini Regensburg, Kaisari alilipa deni. Bavaria ikarudi kwa Simba. Ili yule wa Babenberg asiaibike, Austria ikakatwa kutoka Bavaria ikafanywa jimbo la duke peke yake. Hapo ndipo Austria ilianza njia yake yenyewe.

Sasa Simba alikuwa na kile ambacho baba yake alikifia: majimbo mawili kwa mtu mmoja. Konte aliyekufa bila mtoto, duke alidai mali yake. Aliyelalamika, Kaisari hakumsikiliza. Kuanzia 1166 maaskofu na wakubwa wa Saksonia waliungana wakampiga vita, na ni Kaisari aliyewanyamazisha. Kwa hiyo Friedrich alipata mtu wa kulinda kaskazini wakati yeye anapigana Italia, na Simba alipata kivuli cha kufanya anavyotaka.

Daraja, chumvi na soko

Simba alijua kitu kimoja ambacho wakubwa wengi wa wakati wake hawakukitilia maanani: makuta hayatoki katika mashamba tu, yanatoka pia njiani. Mwenye kushika daraja, bandari na soko anakula kila siku, hata mvua isiponyesha.

Katika Bavaria, magari ya chumvi yalivuka mto Isar kwenye daraja la Föhring, na askofu wa Freising ndiye aliyekula ushuru wa ile bariere. Huyo askofu, Otto, alikuwa mjomba wa Kaisari na mwandishi mkubwa wa historia. Simba hakujali. Aliharibu lile daraja, akajenga lake kilometa chache upande wa juu wa mto, karibu na kijiji kilichoitwa kwa jina la watawa, akahamisha na soko. Askofu alipeleka mashitaka. Tarehe 14 mwezi wa sita 1158, mjini Augsburg, Kaisari alikata shauri: soko libaki kwa duke, askofu apewe sehemu moja kati ya tatu ya mapato. Kile kijiji ndicho München, leo mji wenye watu zaidi ya milioni moja, na tarehe ya ile hukumu ndiyo wanayosherehekea kama siku ya kuzaliwa ya mji wao.

Kaskazini alifanya vilevile. Konte Adolf wa Holstein, mtu wa chini yake, alikuwa ameanzisha mji wa Lübeck mwaka 1143 karibu na bahari ya Baltiki. Soko lake lilichangamka mpaka likaharibu soko la duke la Bardowick. Huko Oldesloe pia Adolf alikuwa na visima vya chumvi vilivyoshindana na chumvi ya duke ya Lüneburg. Duke alidai nusu. Adolf akakataa. Basi duke akapiga marufuku soko la Lübeck na akaagiza vile visima vya chumvi vizibwe. Lübeck iliungua mwaka 1157, na duke akajenga mji wake mwenyewe jirani, lakini meli hazikuweza kuingia vizuri. Mwishoni Adolf alichoka, akaachia. Mwaka 1159 Simba aliijenga Lübeck upya, akatuma wajumbe Denmark, Sweden, Norway na Urusi kuwaambia wafanyabiashara waje bila kuogopa. Wakaja. Baadaye Lübeck ikawa kichwa cha ule ushirika mkubwa wa miji ya biashara ulioitwa Hansa.

Nchi ya wengine

Ng'ambo ya mto Elbe waliishi Waslavi, watu wenye lugha yao, dini yao na wafalme wao. Kwao jina la Simba lina maana nyingine.

Mwaka 1160 duke aliingia na jeshi katika nchi ya kabila la Waobotriti. Mfalme wao Niklot, mzee aliyewaongoza kwa miaka mingi, alichoma ngome zake mwenyewe ili adui asizipate, akaendelea kupigana mpaka akauawa karibu na ngome ya Werle. Duke akaweka watu wake katika ngome, akaanzisha mji wa Schwerin, akagawa ardhi. Wakulima kutoka Flanders na nchi nyingine za magharibi waliletwa kukaa mashambani. Waslavi waliobaki walilazimishwa kulipa kodi kwa duke na kwa askofu, na wengine wakasukumwa mbali. Mateka wa vita, Waslavi na Wadenmark, waliuzwa sokoni kama bidhaa.

Watoto wa Niklot waliinuka mwaka 1164. Mmoja, Wertislav, alikuwa mateka mikononi mwa duke, na duke akaamuru anyongwe. Mwingine, Pribislav, alikimbia akapigana kutoka msituni. Konte Adolf, mwenye Lübeck ya kwanza, alifia katika vita hivyo. Lakini mwaka 1167 Simba alikuwa na maadui wengi nyumbani, akaona afadhali amani. Alimrudishia Pribislav sehemu kubwa ya nchi ya baba yake, kwa sharti aitawale chini yake na awe mkristo mwaminifu. Binti wa duke aliyezaliwa nje ya ndoa aliolewa na mtoto wa Pribislav. Ukoo wa Niklot, yule mzee aliyeuawa, uliendelea kutawala Mecklenburg mpaka mwaka 1918. Duke mwenyewe hakuweza kuacha kitu kirefu namna hiyo katika nchi ileile aliyoiteka.

Kuna jambo moja zaidi. Kaisari alimpa Simba ruhusa ya kuweka maaskofu katika nchi hizo za Waslavi, kazi ambayo kwa kawaida ilikuwa ya mfalme mwenyewe. Wakubwa wengine waliliona jambo hilo na hawakulisahau: duke anaanza kufanya kazi za mfalme.

Mke kutoka Uingereza

Mke wa kwanza wa Simba aliitwa Clementia, wa ukoo wa Zähringen. Mtoto wao wa kiume alifariki angali mdogo, akabaki binti mmoja tu. Mwaka 1162 duke alimwacha mkewe. Sababu iliyosemwa kanisani ni kwamba walikuwa ndugu wa damu. Lakini kila mtu aliona sababu nyingine: duke alihitaji mrithi, na ukoo wa Zähringen ulikuwa umegombana na Kaisari.

Mke wa pili aliletwa kutoka mbali. Tarehe 1 mwezi wa pili 1168, mjini Minden, Heinrich alimwoa Matilda, binti wa mfalme Henry wa Pili wa Uingereza. Bibi arusi alikuwa na miaka kumi na mmoja, bwana arusi alikaribia arobaini. Wazazi hawakumwuliza mtoto. Ilikuwa mapatano ya mfalme na mfalme mtarajiwa. Duke wa kawaida haoi binti wa mfalme, na Simba hakuficha kwamba yeye si duke wa kawaida.

Mjini Braunschweig, aliouchagua kuwa makao yake, alijenga jumba kubwa, na mbele yake, karibu mwaka 1166, akasimamisha sanamu ya simba ya shaba. Kutengeneza sanamu kubwa ya shaba inayosimama peke yake ilikuwa ufundi ambao kaskazini ya milima ya Alps haukuwa umeonekana tangu enzi ya Waroma. Mwaka 1172 alikwenda kuhiji Yerusalemu na kundi kubwa la watu, Pribislav akiwemo. Njiani Kaisari wa Konstantinopoli alimpokea kama mfalme. Aliporudi alianza kujenga kanisa kuu la Braunschweig. Na kitabu cha Injili kilichotengenezwa kwa amri yake na watawa wa Helmarshausen kina picha ambamo mikono inatoka mbinguni kumvika yeye na Matilda mataji. Kitabu hicho kiliuzwa London mwaka 1983 kwa zaidi ya pauni milioni 8 za Uingereza.

Siku ya Chiavenna

Mwanzo wa mwaka 1176 Kaisari Friedrich alikuwa na shida kubwa. Miji ya Italia kaskazini, Milano mbele, ilikuwa imeungana dhidi yake, na askari wake walikuwa wachache. Akamwita Simba wakutane Chiavenna, chini ya milima ya Alps, akamwomba jeshi.

Simba aliweka bei: mji wa Goslar. Karibu na Goslar kuna mlima Rammelsberg, na ndani ya ule mlima kulikuwa na fedha. Huo ulikuwa mfuko wa Kaisari. Friedrich hakuweza kuutoa, au hakutaka. Waandishi wa zamani waliandika kwamba Kaisari alipiga magoti mbele ya duke wake, na duke akabaki amesimama. Wanahistoria wa leo wanajadili kama kupiga magoti kulitokea kweli. Lakini kwamba aliomba na akanyimwa, hilo wengi wanalikubali.

Tarehe 29 mwezi wa tano, mwaka uleule, jeshi la Kaisari lilipigwa vibaya Legnano. Friedrich mwenyewe alipotea vitani, watu wakafikiri amekufa, mpaka akatokea siku chache baadaye. Mwaka 1177 alilazimika kupatana na Papa mjini Venezia. Na katika yale mapatano kulikuwa na sumu kwa Simba: askofu wa Halberstadt, adui yake, alirudishwa kwenye kiti chake, na alitaka mali yake yote.

Wakati huohuo Simba alifanya kosa lingine la makuta. Mjomba wa wote wawili, Welf wa Sita, alimpoteza mtoto wake pekee kwa tauni mwaka 1167. Alikuwa na mashamba makubwa katika Swabia na mali katika Italia, akamwahidi Simba urithi ikiwa atampa pesa sasa. Simba akakubali, kisha akachelewesha kulipa. Alifikiri mzee atakufa karibuni, apate bure. Mzee hakufa. Alikasirika, akaenda kwa mpwa wake mwingine, Kaisari, ambaye alilipa mara moja. Ule urithi wa babu zake Welf ukapita mikononi mwa ukoo wa Staufen, na mzee akaishi mpaka 1191.

Hukumu

Wakubwa wa Saksonia, na askofu mkuu Philipp wa Köln mbele yao, walipeleka mashitaka tena. Safari hii Kaisari hakuwanyamazisha. Alimwita duke Worms mwezi wa kwanza 1179. Hakuja. Akamwita Magdeburg. Hakuja. Duke aliomba kuonana naye pembeni, na mwandishi mmoja wa Lübeck aliandika kwamba Friedrich alimwambia alipe marki 5000 za fedha, naye atamwombea kwa wakubwa. Simba aliona ni nyingi, akaondoka.

Basi sheria ikafuata njia yake. Kwanza alihukumiwa kwa malalamiko ya wakubwa. Kisha ikafunguliwa kesi ya pili, ya kutomtii bwana wake kwa kukataa kuitika wito, na hiyo ndiyo iliyokatwa Würzburg. Mwezi wa nne 1180, mjini Gelnhausen, Saksonia iligawanywa: upande wa magharibi ukaenda kwa askofu mkuu wa Köln, mashariki kwa Bernhard, mtoto wa yule Albrecht Dubu. Mwezi wa tisa, Bavaria ikapewa Otto wa Wittelsbach, na ukoo wake ukaitawala mpaka 1918. Friedrich hakuchukua hata jimbo moja mwenyewe. Aliwagawia wale waliomsaidia kumwangusha Simba.

Duke alipigana, na mwanzoni alishinda. Lakini tabia yake ilimponza. Baada ya vita moja aliwadai konte wake wamkabidhi mateka wote waliowakamata, ili yeye ale pesa za kuwakomboa. Adolf wa Tatu wa Holstein akakataa, akafukuzwa, akahamia upande wa Kaisari. Kisha Kaisari alitangaza siku ya mwisho: yeyote asiyemwacha Simba kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martin atapoteza mali yake. Ngome moja baada ya nyingine zikafungua milango. Watumishi aliowalea tangu utoto walimkimbia.

Watu wa Lübeck walikuwa tofauti. Kaisari alipouzingira mji mwaka 1181, na meli za mfalme wa Denmark zikifunga bahari, waliomba kwanza ruhusa ya kwenda kumwuliza duke wao. Duke akawaambia wajisalimishe. Mwezi wa kumi na moja, mjini Erfurt, Simba mwenyewe alipiga magoti mbele ya Friedrich. Waandishi wanasema Kaisari alimwinua akilia. Lakini majimbo hakuyarudisha. Alimwachia ardhi ya ukoo wake, kandokando ya Braunschweig na Lüneburg, akamfukuza nchini.

Uhamisho na uzee

Mwaka 1182 Simba, Matilda na watoto walifika Normandy kwa mfalme Henry wa Uingereza. Mtoto wao wa mwisho, Wilhelm, alizaliwa Winchester mwaka 1184. Walirudi Braunschweig 1185. Mwaka 1189, Friedrich alipojiandaa kwenda vita vya msalaba, hakutaka kumwacha Simba nyuma yake. Akampa chaguo: kukubali kidogo na kusahau mengine, kwenda vitani pamoja naye, au kuondoka tena miaka mitatu. Simba aliondoka tena.

Matilda alibaki Braunschweig kulinda mali. Alifariki katikati ya mwaka uleule, bado na miaka 33 tu. Mume wake alivunja kiapo, akarudi. Mji wa Bardowick, uliokuwa umemfungia milango alipoanguka, aliuteketeza mwezi wa kumi 1189, akaacha makanisa tu. Mji huo haukurudi kuwa mkubwa tena.

Friedrich alikufa kwenye maji ya mto Saleph tarehe 10 mwezi wa sita 1190, akiwa njiani kwenda Yerusalemu. Mtoto wake, Heinrich wa Sita, alifanya amani na Simba kwa kuchukua watoto wake wawili kama dhamana. Mmoja, Lothar, alifia huko Augsburg, bado kijana. Mwingine, aliyeitwa Heinrich kama baba yake, alitoroka kutoka jeshi la Kaisari karibu na Napoli mwaka 1191.

Huyo kijana ndiye aliyeleta amani kwa njia ambayo baba yake hakuifikiria. Alipendana na Agnes, binti wa konte mkubwa wa mto Rhine na ndugu wa Kaisari. Kaisari alikuwa na mpango mwingine kwa huyo binti. Lakini mama yake Agnes, wakati mume hayuko, aliwaozesha kwa siri katika ngome ya Stahleck, majira ya baridi ya mwaka 1193 kuelekea 1194. Kaisari alikasirika, kisha akanyamaza. Mwezi wa tatu 1194 Simba na Kaisari walipatana Tilleda. Mzee alikuwa ameumia mguu kwa kuanguka na farasi, akachelewa kufika.

Mwaka wake wa mwisho aliutumia Braunschweig. Aliagiza vitabu vya habari za kale vikusanywe, akakesha usiku akisomewa mambo ya wafalme waliopita. Alifariki tarehe 6 mwezi wa nane 1195, akazikwa karibu na Matilda katika kanisa alilolijenga. Hekaya za baadaye zinasimulia kwamba simba wa kweli alimfuata kutoka nchi takatifu, akalala juu ya kaburi lake mpaka akafa.

Kilichobaki

Taji ambalo Simba alilitaka lilifika katika nyumba yake baada ya yeye kufa. Mtoto wake Otto, aliyekulia kwa wajomba zake Uingereza, alichaguliwa mfalme mwaka 1198, na mwaka 1209 Papa alimvika taji la Kaisari. Ni yeye pekee katika ukoo wa Welf aliyefika pale. Hakudumu. Mwaka 1214 mfalme wa Ufaransa alimshinda Bouvines, akafa 1218 bila mtoto.

Kilichodumu ni kile kidogo ambacho Simba aliachiwa: mashamba ya ukoo. Mwaka 1235 mjukuu wake, mtoto wa yule Wilhelm wa Winchester, aliyakabidhi kwa Kaisari kwa heshima, akarudishiwa kama jimbo jipya la duke. Magomvi ya koo mbili yakaisha hapo. Kutoka tawi hilo alitoka George wa Kwanza, aliyekuwa mfalme wa Uingereza mwaka 1714, na baada yake Malkia Victoria. Mwaka 1858 mpelelezi Speke alipofika kwenye ziwa kubwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza, alilipa jina la malkia huyo, na hivyo mtoto wa ukoo wa Simba akaandikwa kwenye ramani ya Maziwa Makuu.

Jina la Simba mwenyewe lilitumiwa vibaya miaka mingi baadaye. Wanazi walilifungua kaburi lake mwaka 1935, wakaligeuza kanisa lake kuwa fasi ya kuabudu siasa zao, kwa kuwa waliona katika vita vyake dhidi ya Waslavi mfano wa kunyang'anya nchi za mashariki. Leo kanisa limerudi kuwa kanisa. Sanamu ya awali ya simba imewekwa ndani, katika jumba la makumbusho, na nje uwanjani imesimama nakala yake, ikitazama mashariki.